Bei rahisi ina sababu yake: Funzo la Ngara na Biharamulo kwa mnunuzi

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

KATIKA soko lolote mfanyabiashara hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: nunua rahisi, uza ghali. Ni fundisho zuri na hakuna atakayelifuta. Lakini lina swali ndani yake ambalo wengi wetu hatuliulizi. Hiyo bei rahisi imetoka wapi?

Upo urahisi unaotokana na wingi wa mazao. Upo unaotokana na barabara nzuri, au na mkulima anayeijua kazi yake akavuna magunia 20 mahali ambapo jirani alivuna manane. Urahisi wa namna hiyo ni faida kwa wote. Lakini upo urahisi wa aina nyingine, usiotokana na wingi bali na dhiki. Muuzaji anauza leo kwa bei ya kutupa kwa sababu hawezi kungoja kesho.

Katika nchi za Ulaya na Amerika wako watumiaji wengi wanaoamini kwamba mnunuzi, kwa kuchagua tu anachoweka kapuni, anaweza kubadili maisha ya aliyekizalisha. Wafanyabiashara wa kwetu wakisikia hayo huyaona ni maneno ya watu walioshiba. Hata hivyo, historia ya masoko ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, inaonyesha kwamba jambo hili ni letu kuliko tunavyodhani. Tena mnunuzi mwenye nguvu kuliko wote katika habari hii si yule wa Ulaya. Ni yule anayefika kijijini na mizani.

Gunia la mgao

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa takriban saa 24. Benaco, mahali palipokuwa pori na barabara, pakageuka mji kwa siku chache. Kambi nyingine za Lumasi, Musuhura na Lukole nazo zikajaa. Wilaya ya wakulima wa migomba na maharage ikajikuta na soko kubwa ambalo hakuna mfanyabiashara aliyekuwa amelipangia mtaji.

Wakimbizi walipewa mgao wa chakula: mahindi, maharage, mafuta ya kula. Lakini mtu hawezi kuishi kwa mahindi ya punje peke yake. Punje zinataka kusagwa, na mashine ya kusaga inataka fedha. Chumvi, sabuni, mboga, kuni na nguo ya mtoto vyote vinataka fedha. Mwenye mgao alikuwa na bidhaa moja tu ya kuuza, nayo ni mgao wenyewe. Akachota sehemu ya chakula cha familia yake na kukipeleka sokoni, huku maelfu ya wenzake wakifanya vivyo hivyo siku ile ile, mara tu baada ya ugawaji.

Mfanyabiashara anajua kinachofuata. Bidhaa moja ikiletwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na wote wana haraka, bei huamuliwa na mnunuzi. Upande wa pili wa soko mambo yakawa kinyume. Vyakula ambavyo havikuwamo katika mgao vilipanda bei sana. Uchambuzi wa watafiti Jennifer Alix-Garcia na David Saah, walioangalia bei za vyakula magharibi mwa Tanzania katika miaka hiyo, ulionyesha kwamba karibu na kambi bei za vyakula visivyo vya msaada zilipanda sana, wakati bei za vyakula vya aina ya msaada zilipanda kidogo. Kaya za vijijini zilizokuwa karibu na kambi zilinufaika, na kaya za mjini, ambazo hununua chakula badala ya kukilima, ziliumia.

Je, aliyenunua gunia la mgao alifanya vibaya? Jibu si jepesi kama linavyoonekana. Kama wanunuzi wote wangesusa, mkimbizi asingepata chumvi wala fedha ya kusagisha. Kumsusia muuzaji mwenye dhiki hakumwondolei dhiki, kunampunguzia mnunuzi mmoja, na wanaobaki wanapata nafasi ya kushusha bei zaidi. Lakini aliyenunua kwa bei ya kutupa na kujisifu kuwa ni mjanja wa biashara naye hakusema kweli. Faida yake haikutokana na ujanja. Ilitokana na njaa ya mwingine.

Fundisho la kwanza ndilo hilo. Dhiki ya muuzaji haiondoki kwa mnunuzi kususa, wala kwa mnunuzi kuona haya. Inaondoka pale kinachomlazimisha kuuza kinapoondolewa. Mkimbizi anayepewa unga badala ya punje hana haja ya kuuza kilo kadhaa ili asage zilizobaki.

Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao na soko la kambi zao likaondoka nao. Bei ya dhiki haikuondoka. Ilikuwapo Kagera kabla ya kambi, na ingalipo.

Kahawa inayouzwa ikiwa maua

Wenyeji wa Kagera wanaiita butura. Mkulima wa kahawa anahitaji fedha wakati mibuni yake ina maua au matunda mabichi. Mnunuzi anakuja, anaitazama mibuni, anakadiria mavuno, analipa fedha taslimu. Kahawa ikiiva ni ya mnunuzi, bei ya siku hiyo iwe ipi.

Kwa nini mkulima akubali? Si kwamba hajui hesabu. Kahawa inamletea fedha mara moja kwa mwaka, lakini shida hazifuati msimu. Ada za shule za serikali hadi kidato cha nne ziliondolewa tangu mwaka 2016, lakini Januari bado inataka sare, viatu, madaftari na nauli ya anayesoma bweni. Ugonjwa hauulizi kama kahawa imeiva. Msiba nao hauna tarehe.

Tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini kila mtu anaweza kuweka za kwake. Mkulima anapokea shilingi 60,000 mwezi Desemba kwa gunia moja la kahawa ya maganda. Mwezi Juni gunia hilo linauzwa shilingi 120,000. Mnunuzi amezalisha shilingi 60,000 juu ya 60,000 kwa miezi sita. Hiyo ni riba ya asilimia 100 kwa nusu mwaka, ingawa hakuna aliyeitaja kwa jina la riba.

Sasa mkulima huyo huyo angepata mkopo wa shilingi 60,000 kwa riba ya asilimia tatu kwa mwezi, ambayo kwa mtu wa benki si ndogo hata kidogo. Kwa miezi sita angelipa riba ya shilingi 10,800. Angeuza gunia kwa 120,000, akarudisha 70,800, akabaki na 49,200. Chini ya butura anabaki na mfuko mtupu.

Kwa hiyo butura, ijapokuwa inaitwa biashara ya mazao, kwa kweli ni mkopo uliovaa nguo ya mauzo. Ukishaliona hilo, unaona pia kwa nini makatazo hayajatosha. Serikali imekemea butura mara nyingi, na kuanzia msimu wa 2018/2019 iliagiza kahawa ya wakulima wadogo ipitie vyama vya msingi vya ushirika. Amri hiyo ilifunga mlango wa mnunuzi. Haikumpa mkulima fedha za Desemba. Mwenye mgonjwa bado ana mgonjwa, na butura inayokatazwa mchana hufanyika usiku, kwa bei mbaya zaidi kwa kuwa mnunuzi sasa anadai pia malipo ya hatari ya kukamatwa.

Nembo na kifungu kinachosahaulika

Hapa turudi kwa yule mtumiaji wa Ulaya, kwa sababu ana jambo la kutufundisha, ingawa si lile analotangaza kwenye pakiti.

Mwaka 1988 nchini Uholanzi ilianzishwa nembo ya Max Havelaar kwa ajili ya kahawa iliyonunuliwa kutoka kwa vyama vya wakulima wadogo kwa masharti ya haki. Mwaka uliofuata, Julai 1989, mgawanyo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika na bei ya dunia ikaporomoka. Hapo watu wakaona maana ya kuwa na kima cha chini. Mwaka 1997 nembo za nchi mbalimbali ziliungana katika shirika moja la kimataifa.

Mkoa wa Kagera haukuwa mgeni katika mpango huo. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, KCU, chenye makao yake Bukoba, ni miongoni mwa vyama vya Afrika vilivyoingia mapema katika soko hili. Sehemu ya malipo ya ziada yaliyopatikana huko ilitumika kununua hisa katika TANICA, kiwanda cha kahawa ya unga cha Bukoba. Wawekezaji wadogo walitazame hilo vizuri. Fedha ya mnywaji wa Ulaya iligeuka kuwa umiliki wa wakulima katika kiwanda cha nyumbani.

Namna nembo inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Bei ya dunia ikishuka chini ya kima, mnunuzi analipa kima. Ikipanda juu, analipa bei ya soko. Tangu Agosti 2023 kima cha arabika iliyooshwa ni senti 180 za dola kwa ratili, kutoka senti 140, na cha robusta iliyokaushwa na maganda yake ni senti 120. Juu yake kuna senti 20 za ziada kwa ajili ya maendeleo ya chama. Mwaka 2001 bei ya New York ilipokuwa chini ya senti 50, mkulima aliyeuza kwa nembo alikuwa na mwavuli wakati wa mvua kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 bei ya arabika ilipopita senti 400, mwavuli huo haukuwa na kazi.

Lakini katika masharti ya biashara hiyo kuna kifungu ambacho hakiandikwi kwenye pakiti na wanywaji wengi hawakijui. Chama cha wakulima kikiomba, mnunuzi anatakiwa kusaidia kupatikana kwa fedha za awali, hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba, kabla kahawa haijasafirishwa.

Kwa maoni ya safu hii, hicho ndicho kifungu chenye dawa ya butura. Bei nzuri ya Juni haimsaidii mtu aliyekwisha kuuza Desemba. Tena bei ya dunia inapopanda, aliyeuza maua ndiye anayeumia zaidi, maana faida yote ya kupanda huko inakwenda kwa aliyenunua maua. Kwa mkulima mdogo, wakati wa kulipwa una uzito sawa na kiasi cha malipo.

Hata hivyo tusiipambe nembo kupita kiasi. Chama chenye nembo huuza sehemu tu ya kahawa yake kwa masharti hayo, kutegemea wanunuzi waliopatikana. Fedha za awali hufika kwenye chama kikuu, na kutoka hapo hadi nyumbani kwa mkulima kuna hatua nyingi, na viongozi wengi. Mnywaji wa kahawa aliye Amsterdam hawezi kuziona hatua hizo. Mfanyabiashara wa Ngara anaziona kila siku.

Lumbesa za barabarani

Si kahawa peke yake. Biharamulo ni wilaya ya mahindi na maharage, na ina barabara. Malori yanayopita Nyakanazi na Lusahunga kwenda Rusumo, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Aprili 2016, yamewapa wakulima wanunuzi ambao wazazi wao hawakuwa nao. Lakini mnunuzi anayekuja na magunia yake mwenyewe huja pia na kipimo chake mwenyewe.

Lumbesa inajulikana nchi nzima. Gunia linajazwa, linashindiliwa, kisha linaongezwa kilemba juu na kushonwa. Sheria ya Vipimo inakataza ufungashaji huo, na kikomo cha gunia la mazao ni kilo 100. Lakini mkulima mwenye haraka ya fedha hagombani na mnunuzi aliyeko mbele yake kwa ajili ya sheria iliyoko mjini.

Hesabu yake ni fupi. Gunia la kilo 100 kwa shilingi 60,000 ni shilingi 600 kwa kilo. Gunia la lumbesa lenye kilo 120 kwa bei ile ile ni shilingi 500 kwa kilo. Mkulima ameacha shilingi 12,000 juu ya kila gunia. Kwa magunia kumi ni 120,000, na hakuna mahali zilipoandikwa.

Gunia la mgao, butura na lumbesa ni mambo matatu yenye mzizi mmoja. Katika yote muuzaji hana uwezo wa kungoja, na mnunuzi analijua hilo.

Mwenye mtaji mdogo afanye nini?

Tuseme kweli. Anayeacha butura anaacha faida kubwa ya haraka, na hakuna mahubiri yatakayomfanya mfanyabiashara aone 60,000 kuwa si kitu. Lakini faida hiyo ina gharama ambazo hazihesabiwi. Mibuni inaweza kushindwa kuzaa. Mkulima aliyeona amepunjwa huuza nusu ya mavuno kwa mwingine usiku. Mnunuzi mwenye wasiwasi huchuma kahawa mbichi kabla ya wakati, na kahawa mbichi hushusha daraja. Vile vile mali inayonunuliwa kinyume cha amri inaweza kukamatwa yote, na mtaji ukaenda nayo.

Kuna gharama nyingine, nayo inawagusa hata wasiogusa kahawa. Mwenye duka la mabati, sabuni, baiskeli au madaftari Ngara mjini au Biharamulo mjini anamuuzia nani? Anamuuzia mkulima huyo huyo. Zile shilingi 49,200 ambazo angebaki nazo mwezi Juni zingepita dukani. Zikiondoka na mnunuzi wa maua, hazirudi. Wilaya ambayo mazao yake huuzwa kabla hayajaiva ni wilaya yenye wateja maskini mwaka mzima.

Kwa msingi huo, safu hii inapendekeza mambo manne.

Kwanza, nunua kwa mizani iliyokaguliwa, na mwache muuzaji asome namba mwenyewe. Mnunuzi anayejulikana kwa mizani ya haki hupelekewa mzigo nyumbani na haingii gharama ya kuuzungukia vijijini.

Pili, usifanye mkopo uonekane mauzo. Kama mkulima anahitaji fedha Desemba, kiite mkopo, chenye riba inayotajwa na tarehe inayojulikana, na kahawa iuzwe kwa bei ya msimu. Lakini kumbuka kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, biashara ya kukopesha inataka leseni. Kwa mtu mmoja mmoja njia salama ni kupitia SACCOS au kikundi cha fedha kilichosajiliwa.

Tatu, mwekezaji mdogo anayetafuta pa kuweka akiba aiangalie SACCOS ya wakulima iliyo karibu naye kama anavyoiangalia benki. Aulize hesabu zilizokaguliwa, aulize wanaodaiwa ni wangapi na wamechelewa kiasi gani. Akiba inayowekwa Julai kahawa ikiuzwa ndiyo inayoweza kukopeshwa Desemba kahawa ikichanua. Hicho ni kile kifungu cha asilimia 60, kikifanywa na majirani bila kungoja mnywaji wa Uholanzi.

Nne, chama cha msingi kitumie mpango wa stakabadhi za ghala, uliowekewa sheria mwaka 2005. Mkulima mwenye mzigo ghalani na karatasi mkononi anaweza kukopa juu ya karatasi hiyo na kungoja bei. Haumsaidii aliye na maua, lakini unamsaidia aliyevuna mahindi mwezi ambao kila mtu amevuna.

Na mtumiaji wa kawaida, asiye na lori wala ghala? Naye ana sehemu yake. Kopo la kahawa iliyosindikwa Bukoba ni ajira na gawio vinavyobaki Kagera, wakati kahawa ya maganda ikipakiwa kwenda nje inaacha bei ya mali ghafi tu. Anayenunua maharage ya nyumbani kwa kilo badala ya kuvizia lumbesa anamfundisha mchuuzi kwamba kipimo cha haki kina wateja.

Hakuna katika haya linalomtaka mfanyabiashara aache kutafuta bei rahisi. Linalotakiwa ni kuuliza swali moja kabla ya kulipa. Kama urahisi umetoka kwenye wingi, lipa na ufurahi. Kama umetoka kwenye dhiki ya mtu, ujue unanunua pamoja na dhiki hiyo, na kwamba aliyepunjwa leo ndiye mteja wako wa kesho.

Mibuni ya Kagera huchanua kila mwaka. Mwenye kupita na fedha mkononi siku hiyo ndiye atakayeamua maua hayo yatakuwa mali ya nani.